KOFIA NYEKUNDU KICHWANI KWA MTOTO WA KIISLAMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu Waislamu, hasa nyinyi wenye watoto wadogo, mlioko Kilosa mjini, Mikumi, Kimamba, Rudewa na popote pengine maneno haya yatakapowafikia. Someni mpaka mwisho kwanza, ndipo muanze kubishana huko chini kwenye maoni.

Tumeingia Disemba. Shule zimefungwa, watoto wamejaa majumbani. Wengine wameletwa na treni ya SGR iliyoanza mwaka 2024, wameshuka Kilosa na mabegi yao kuja kumsalimia bibi. Joto mnalijua wenyewe, usiku mtu anatandika mkeka nje ndipo apate usingizi. Sasa pita madukani, pita pale Mikumi barabara kuu ya malori ya Zambia, utaona kofia nyekundu zenye manyoya meupe zimetundikwa mlangoni. Utaona vigauni vyekundu vya watoto wa kike. Utaona miti ya plastiki iliyobandikwa pamba ili ionekane imeangukiwa na theluji. Theluji, ndugu zangu! Sisi Ulaya tunayo hapa hapa, kata yetu iliyo kati ya Kilosa na Mikumi, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyeona theluji ikianguka Ulaya hiyo.

Kama wanaonunua wangekuwa Wakristo peke yao nisingeandika neno. Sikukuu ni yao, na nchi hii ina sheria inayompa kila mtu uhuru wa dini yake. Ninaandika kwa sababu anayeshika kile kigauni na kukipima kwenye mabega ya binti yake ni mama Fatuma, ni mama Abdallah. Ninaandika kwa sababu tarehe 25 simu zetu zitajaa picha za kina Rahma na Yusufu wamevaa kofia ya mzee wa ndevu nyeupe, na chini yake mzazi kaandika maneno ya furaha kama vile ni Idd. Na yuko baba aliyekaa kimya mwaka mzima, Idd zote mbili akasema hali ngumu, leo hii ametoa hela ya soda, kuku na puto.

Nikisema hivi najua majibu yanayokuja, maana kila mwaka ni yale yale. La kwanza ni hili: "Shekhe, hao ni watoto tu, hawajui kitu."

Mzazi mwenzangu, mtoto ndiye anayejua. Wewe mtu mzima unaweza kuvaa nguo nyekundu ukaisahau. Mtoto wa miaka mitano hasahau. Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wanaompeleka kwenye dini hii au ile. Angalia, hakusema ni mchungaji anayempeleka, wala hakusema ni mwalimu. Alisema wazazi. Na mzazi hampeleki mtoto kwa hotuba. Anampeleka kwa siku anayomfurahisha, kwa nguo anayomvalisha na kwa chakula kinachopikwa kwa wingi siku hiyo kuliko siku nyingine. Mtoto anahesabu: siku gani mama alinisuka nywele? Siku gani baba alininunulia viatu vinavyowaka taa? Siku hiyo ndiyo sikukuu yake, hata kama humwambii.

Chukua hesabu nyepesi. Mwezi wetu wa Ramadhani unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa Kizungu. Sisi wenye umri tunakumbuka Krismasi za mwaka 1998, 1999 na 2000 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani. Sasa mzunguko unarudi. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Mwaka 2031 na 2032, insha'Allah tukijaaliwa uhai, tarehe 25 Disemba itatukuta tumefunga. Mtoto wako aliyekuwa na miaka mitano mwaka 2024, mwaka 2031 atakuwa na miaka kumi na miwili. Ameshafika umri wa kufunga, pengine ameshabaleghe. Na wewe kwa miaka saba mfululizo umemfundisha kwamba tarehe 25 mchana kuna pilau na soda. Siku hiyo utamwambia nini? Utamwambia "mwanangu leo funga"? Atakuuliza, mama, si wewe uliyenizoesha? Basi hilo la "hajui kitu" tuliache.

Jibu la pili: "Siku hizi Krismasi si dini, ni utamaduni tu wa dunia."

Mwambie jirani yako Mkristo mcha Mungu maneno hayo uone kama hatakasirika. Kwake yeye siku ile ni ya kuzaliwa kwa anayemwamini kuwa ni mwana wa Mungu, naye anakesha kanisani kwa ajili hiyo. Unapomwambia kwamba siku yake ni utamaduni tu, puto na kofia, umemdharau yeye na umejidanganya wewe. Kwa hiyo kati ya mambo mawili chagua moja. Kama siku ile ina maana, maana yake ni itikadi ambayo Qur'ani imeikataa wazi katika Surat al-Ikhlas, ambayo mwanao anaisoma kila siku madrasa. Kama haina maana, basi unatumia pesa zako kwa kitu kisicho na maana.

Na hao tunaowaiga wamegombana wenyewe kwa wenyewe juu ya siku hii. Kule Massachusetts, Marekani ya zamani, Wakristo wenye msimamo mkali mwaka 1659 waliweka sheria ya kumtoza faini anayesherehekea Krismasi, na sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka ishirini. Walisema siku hiyo haimo katika kitabu chao. Wakristo wa Habash mpaka leo wanasherehekea Januari 7. Sisemi haya kuwacheka. Nasema wenye jambo wanaliona ni zito kiasi cha kutungiana sheria, halafu Muislamu wa Kilosa anasema "ni puto tu".

Jibu la tatu ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, kwa sababu limebeba haki ndani yake: "Shekhe, sisi ni ndugu mchanganyiko."

Kweli. Kilosa hii ukigusa nyumba yoyote, ya Mkaguru, ya Msagara, ya Mvidunda, utakuta babu mmoja anaitwa Athumani na ndugu yake anaitwa Yohana. Uislamu ulipanda huku kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na wamisionari nao walifika Mamboya katika karne ile ile ya 19. Tumeoana, tumezikana. Mwishoni mwa Disemba 2009 Mto Mkondoa ulipovunja kingo, mji ukajaa maji na maelfu wakakaa kwenye mahema hadi mwaka mpya, hakuna aliyeulizwa dini yake ndipo apewe blanketi. Anayetaka nimtukane jirani yangu Mkristo kwenye kipaza sauti cha msikiti, amekosea mlango. Wapo vijana wetu siku hizi wanaodhani kumtukana mtu wa dini nyingine ndiyo ishara ya imani. Hao nawaambia wasome Surat al-Mumtahana, aya ya nane, waone Allah hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) je, aunge undugu na mama yake? Akamjibu ndiyo, aunge. Hadithi iko kwa Bukhari. Naye Abdallah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake alirudia kuuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Hiyo ndiyo dini yetu.

Sasa wewe ambaye mama yako mzazi au bibi yako ni Mkristo, nakwambia wazi. Nenda ukamsalimie. Shule zimefungwa, wapeleke wajukuu wakamuone. Mpelekee mchele, mpelekee sukari, mtengenezee paa linalovuja maana mvua zimeanza. Akikupa chakula cha halali, kula. Wazee wetu Wakristo wa huku wana adabu kubwa kuliko tunavyowasifia, wengi wakiwa na shughuli humwita Muislamu awachinjie kuku au mbuzi ili jirani Muislamu asikose. Hayo yote ni kuunga undugu na ujirani, na ukiweza kwenda tarehe 20 badala ya 25, ni bora zaidi, bibi atafurahi kukuona vile vile na pengine zaidi, kwa kuwa siku hiyo hana wageni wengine.

Kuingia kanisani kwenye ibada, kumvalisha mtoto mavazi ya siku hiyo, kupamba mti ndani ya nyumba inayosomwa Qur'ani, kumwambia mtoto kuna mzee atamletea zawadi usiku, hayo si undugu. Bibi hakuyaomba. Umeyatoa kwenye simu. Kuhusu kutoa pongezi kwa mdomo wanazuoni wana maneno. Ibn al-Qayyim aliandika kwa ukali kukataza, na wapo wa zama zetu, kama Yusuf al-Qaradawi, walioruhusu pongezi ya kijamii isiyo na ibada. Mimi nafuata kauli ya kukataza, na simkufurishi anayefuata nyingine. Unaweza kumwambia jirani "Mungu akupe afya na akuongoze" ukawa umesema kheri na hukusema usichokiamini. Lakini kuiadhimisha siku yenyewe nyumbani kwako, hapo hakuna mwanazuoni wa kutegemewa atakayekupa mlango.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wana siku mbili wanazochezea tangu zama za ujinga. Hakuwaambia kaeni bila furaha. Aliwaambia Allah amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora kuliko hizo, Idd al-Adh'ha na Idd al-Fitr. Hadithi hii ameipokea Anas bin Malik (r.a.), iko kwa Abu Dawud na Nasai. Neno lililomo humo ni kubadilishiwa. Mtu hanyang'anywi, anapewa kilicho bora.

Na hapa sasa nawageukia akina baba, maana mpaka sasa wamekaa wanatikisa kichwa, wanasema "shekhe waambie hao wanawake".

Baba, Idd ya mwisho mwanao ulimpa nini? Idd al-Fitr ya mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, katikati ya masika, tope kila mahali. Ulimvalisha kanzu ile ile ya madrasa iliyochanika kwapani. Ulisali, ukarudi, ukala, ukalala. Mtoto akakaa kibarazani anaangalia matope. Na wengine ndiyo kabisa, mwezi haujaonekana hapa umeonekana kule, nyumba hii inakula Idd leo, nyumba ya pili inafunga, watoto wanagombana njiani ni nani mwenye Idd ya kweli. Watu wazima tunashindana kwa vitabu, mtoto anachokiona ni kwamba sikukuu yetu ni ugomvi. Kisha Disemba ikifika anaona nyumba zote za wenzake zimepatana siku moja, zinanukia maandazi. Unamlaumu kwa kutamani?

Serikali inatupa mapumziko ya siku mbili Idd al-Fitr na siku moja Idd al-Adh'ha, kama inavyowapa wenzetu Krismasi na siku inayofuata. Siku tunazo. Tunazifanyia nini? Wengine wanawapeleka watoto disko toto, ukumbini, joto, muziki wa kukatika viuno, halafu wanaita kusherehekea Idd. Hilo nalo ni lile lile la Disemba, limebadilishiwa jina.

Soma kilichotokea nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Siku ya Idd wasichana wawili walikuwa wakiimba kwa Aisha (r.a.). Abubakar (r.a.) akaingia, akawakaripia. Mtume akamwambia awaache, kila watu wana sikukuu yao na hii ndiyo yetu. Na siku ya Idd Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, Aisha akasimama nyuma ya Mtume akitazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Hadithi hizi zimo kwa Bukhari na Muslim. Ni Wahabeshi, watu wa upande wetu huu wa bahari! Sasa leo mtoto akicheka msikitini siku ya Idd anapigwa fimbo na mzee, anafukuzwa nje. Anakwenda wapi? Anakwenda anakochekewa.

Tuzungumze pesa, maana maneno bila pesa mtoto hayali. Idd al-Fitr ijayo ianze kuwekewa akiba kuanzia wiki hii.  Ukiweka shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 15 una 30,000. Chukua ile pesa uliyotaka kununulia kofia na kigauni chekundu mwezi huu, iongeze humo. Nunua kitambaa mapema, mpeleke mtoto kwa fundi akapimwe mwenyewe, achague rangi mwenyewe. Mtoto aliyepimwa nguo mwezi wa pili anaisubiri Idd kwa hamu mpaka mwezi uandame. Na Disemba hii pesa yako ina kazi nyingine mbili: shamba la mpunga linataka kulimwa, na Januari mtoto anataka sare na madaftari. Elimu bila malipo haikuleta sare bila malipo. Kila Januari naona baba anakuja kukopa hela ya viatu vya shule, na soda za Disemba hata chupa hazijarudishwa dukani.

Nina neno pia kwa wenye shule za chekechea, na shule siitaji. Mnafunga mwaka kwa sherehe, mnachangisha wazazi wote, kisha watoto wote wanavikwa kofia na kuimba nyimbo za kuzaliwa, na binti wa Kiislamu anapewa nafasi ya Mariamu kwa kuwa jina lake ni Mariamu. Waulizeni wazazi kwanza. Na wewe mzazi, usinung'unike kwenye simu usiku. Nenda kamuone mwalimu mkuu kwa heshima, mwambie mwanangu atakuja na keki lakini hataimba. Walimu wengi ni waelewa, hawajaambiwa tu.

Huyo Mariamu mdogo lakini, nani amemsimulia habari za jina lake? Hapa ndipo ninapowakamata wengi. Mtoto anauliza, "Baba, Yesu ni nani?" Baba anasema, "Nyamaza, hayo ya Wakristo." Subhanallah! Nabii Isa (a.s.) ni wa Wakristo peke yao? Muislamu asiyemwamini Isa hana Uislamu. Qur'ani ina sura nzima yenye jina la mama yake, sura ya 19, aya 98. Humo mna habari ambayo mtoto yeyote akisimuliwa vizuri anasahau kofia nyekundu. Binti peke yake, mbali na watu wake, uchungu umemshika kwenye shina la mtende, anatamani angekuwa amekufa. Anaambiwa asihuzunike, chini yake Mola wake ameweka kijito cha maji, alitikise shina la mtende, zitamdondokea tende mbivu. Tende mbivu! Hakuna theluji humo, kuna joto kama la kwetu na maji baridi. Kisha anarudi na mtoto mikononi, watu wanamsema vibaya, anakaa kimya na kumuashiria mtoto, na kichanga kinazungumza kikiwa mlezini, kinasema ni mtumwa wa Allah, amepewa Kitabu na kufanywa Nabii.

Ni sura hiyo hiyo Ja'far bin Abi Talib (r.a.) aliisoma mwanzo wake mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa Habash, na mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa. Ja'far alikuwa mkimbizi, hana silaha wala pesa. Hakumtukana mfalme, wala hakuvaa msalaba ili apendwe. Alimsomea kilichomo katika Kitabu chake.

Kwa hiyo likizo hii, insha'Allah, kila siku baada ya Alasiri mpaka shule zitakapofunguliwa, tutawasomea na kuwasimulia watoto Surat Maryam msikitini. Wa kike na wa kiume, kuanzia miaka mitano. Walioletwa likizo kutoka Dar nao waje. Hakuna mchango. Akina mama wanaoweza kuleta uji au kashata watuone. Tende zimeshapatikana kwa ajili ya siku ya kwanza. Jirani Mkristo akitaka mwanawe aje kusikiliza pamoja na rafiki yake, aje, atakaa mbele na kula tende kama wenzake.

Wazee wa safu ya mbele, nawaomba muda huo msije na fimbo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.